Usiku karatasi zilipolowa

Karatasi za wimbo zilikuwa 40. Nilizitoa kopi mwenyewe, nikazipanga kwenye faili la plastiki, na bado kufika saa moja na nusu usiku, katikati ya shamba la matufaha huku Somerset, mvua ya upepo ilikuwa imeshazifanya uji. Wino umechuruzika hadi viganjani. Watu wapatao 60 wamesimama kwenye tope, gambuti miguuni, mienge inafuka moshi zaidi ya inavyowaka, na wote wanatukodolea macho sisi wa kikundi. Ubeti wa kwanza tumeuimba. Wa pili hakuna anayeujua. Kimya. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kubwa kama tumemaliza.

Nieleze kwanza nilifikaje hapo, maana mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, hana sababu iliyo wazi ya kusimama gizani mwezi wa Januari akiuimbia mti.

Nilikuja Uingereza mwaka 2015 kufanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Baridi niliambiwa, nikajiandaa nayo. Giza sikuambiwa. Mwisho wa Disemba huku jua linazama saa kumi jioni, na ukiwa zamu ya mchana unaingia kazini gizani unatoka gizani, siku tano mfululizo, hadi unahisi kuna kitu umeibiwa na hujui umshitaki nani. Mwaka wa pili nikaona tangazo limebandikwa kwenye kioo cha duka: wanatafutwa watu wa kufufua nyimbo za wassail za kijiji, kujua muziki si lazima, chai ipo. Chai ndiyo iliyonipeleka.

Wassail (nyumbani kwangu tulishalifanya "waseli", na nitaendelea nalo hivyo) kwanza ni salamu. Neno limetokana na Kiingereza cha kale na lugha ya watu wa Skandinavia, na maana yake ni "uwe mzima". Mtu anapopewa bakuli la kinywaji huambiwa hivyo, naye hujibu "drinkhail", yaani kunywa kwa uzima. Nilipoelezwa hayo nikaona hapa pana kitu ninachokijua. Shikamoo isiyopata marahaba hubaki inaning'inia. Unageuka kutazama kama mwenzio amesikia. Salamu hiyo niliielewa siku ya kwanza, ila ilinichukua mwaka mzima kung'amua kwamba tatizo letu lote lilikuwa palepale kwenye kujibiwa.

Waseli ziko za namna mbili. Kuna ya majumbani, ambapo vibarua wa mashamba walizunguka nyumba za wenye nazo katikati ya majira ya baridi, wakati kazi hakuna na akiba inakwisha. Wanaimba mlangoni, wanamtakia mwenye nyumba heri yeye na ng'ombe wake, kisha wanadai chao. Ile ya Gloucestershire, mkoa jirani, inawataja wanyama kwa majina, mmoja mmoja, na kila mnyama anaambatana na dua: bwana apate nyama nzuri, bwana apate mavuno mazuri. Mwisho anageukiwa mtumishi wa ndani: akileta kinywaji cha maji maji, basi aanguke yeye na bakuli lake. Nilicheka hadi mwalimu wa kikundi akanitazama. Ni watoto wa Idi hao, wanaopita mlango kwa mlango kutaka sikukuu yao. Ukiwapa mia mbili na wamesikia jirani katoa elfu, utaijua heshima yako ilipo.

Ya pili ni ya mashambani, na hii ndiyo ya kwetu Somerset. Wanakwenda kwenye mtufaha mkongwe kuliko yote shambani, kwa niaba ya wengine. Mti unaimbiwa, unamwagiwa saida kwenye mizizi, vipande vya mkate wa kuchoma vilivyochovywa kwenye saida vinatundikwa matawini kwa ajili ya yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu, halafu watu wanagonga masufuria na kupiga bunduki hewani kufukuza mabaya na kuuamsha mti. Saida ni kileo cha matufaha. Na matufaha yenyewe si yale ya dukani. Yana majina kama Kingston Black na Yarlington Mill, na ukiling'ata moja linakukamata ulimi kama bibo. (Kwetu ukisema tufaha watu wanafikiria lile jingine jekundu la maji maji, ambalo maua yake hudondoka na kutia rangi uwanja mzima. Nilipomweleza shangazi yangu kwamba naimbia mtufaha alisema: "Mbona hata hapa uani upo, ungeuimbia huu.")

Tarehe nayo ina kisa. Kwingi wanafanya tarehe 5 au 6 Januari, mwisho wa siku 12 za Krismasi. Lakini Carhampton, kijiji cha upande wa pwani ya Somerset chenye jina kubwa kwa waseli, ni tarehe 17. Mwaka 1752 Uingereza ilibadili kalenda. Ikalala tarehe 2 Septemba, ikaamka tarehe 14. Siku 11 zikapotea. Wakulima wakasema kalenda ni ya serikali, miti haijapata barua, wakaendelea kuhesabu siku zao za zamani. Mwalimu alitueleza hilo kama kichekesho. Mimi sikucheka. Mwaka wetu wa Nairuzi, unaofunguliwa kwa sherehe ya Mwaka Kogwa Makunduchi kila Julai, una siku 365 bila ile siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo umekuwa ukisogea taratibu vizazi na vizazi, na wavuvi na wakulima wa zamani walihesabu miongo yao, yaani siku kumi kumi, kwa huo, si kwa kalenda ya ukutani. Nikasema hivyo pale ukumbini kwenye mazoezi, kwa Kiingereza changu cha mwaka mmoja na nusu. Ukawa ndio mwanzo wa watu kunijua kwa kitu kisichohusu zamu wala dawa za wazee.

Kikundi kilikuwa cha watu tisa. Aliyekiongoza alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, mama mwenye subira na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa amechimba nyimbo za eneo letu kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu zipo nyingi kwa sababu ya Cecil Sharp, mtu wa London aliyefika Hambridge, Somerset, mwaka 1903, akamsikia mtunza bustani akiimba, na tangu siku hiyo akawa anarudi vijijini kuandika nyimbo za wazee. Siku hizi maandishi yake unayaona kwenye intaneti, muziki na maneno. Ni hazina, sina ubishi. Mwalimu akatoa kopi, kila mtu akashika yake, tukaimba Jumatano baada ya Jumatano, sauti nne, vizuri mno. Tulikuwa kama watu wanaosoma mkataba kwa pamoja.

Tatizo nililetewa na mzee mmoja pale kazini. Sitamtaja. Alikuwa amefanya kazi za shamba tangu utoto, miguu imemwisha, ulimi haujamwisha. Nikiwa namvisha soksi nilikuwa naimba ule wimbo kwa pumzi, kujikumbusha. Akaniambia nimekosea. Nikamwambia ndivyo ulivyoandikwa. Akasema, "Aliyeuandika alikuwa amekaa." Halafu akaimba wa kwake. Maneno yalikuwa karibu yaleyale, lakini mwendo ulikuwa wa mtu anayepiga hatua kwenye tope zito, na kila mstari ulikatika mwishoni, pakabaki nafasi. Kwenye nafasi ile alipiga kiganja kwenye mkono wa kiti. Nikamuuliza mbona ananyamaza hapo. Akanitazama kama ninayeuliza mlango ni wa nini. "Hapo ndipo wengine wanapojibu."

Aliniambia pia kwamba alipokuwa mdogo ndiye aliyepandishwa mtini kutundika mkate, kwa sababu alikuwa mwepesi, na kwamba tunaimba polepole mno. "Mtu mwenye baridi haimbi polepole."

Nilipeleka habari hiyo ukumbini nikidhani naleta zawadi. Ulizuka ugomvi wa kistaarabu, ule wa Kiingereza ambao kila mtu anaanza na "pengine". Wawili walitaka tuache ya kwenye karatasi tushike ya mzee. Mwalimu akasema ya mzee ni kumbukumbu ya mtu mmoja, huenda ameichanganya na nyingine. Mwenzake akajibu kwamba na ile ya kwenye karatasi ni ya mtu mmoja vilevile, jioni moja, mbele ya mgeni mwenye kalamu. Nilikaa nawasikiliza kwa mshangao. Makunduchi sijawahi kusikia mtu akiuliza wimbo wa Mwaka ulio sahihi ni upi. Wanaume wanapigana kwa migomba uwanjani, upande na upande, na wanawake wamejifunga kanga wanapita wanaimba matusi ya utani mbele ya baba zao wenyewe. Ukichelewa kupokea, wimbo umeshakuacha, na ukikosea, utani unakugeukia wewe. Nani ana muda wa kuuliza usahihi?

Lakini siwezi kujifanya hodari. Nilikuwa na jambo la kwangu lililonikwaza kuliko wimbo. Mimi ni Muislamu, na hapa napelekwa kwenye mti unaomwagiwa pombe ili uzae. Nililala nalo siku kadhaa, kisha nikampigia shangazi, ambaye Makunduchi ni mmoja wa wanaotoa nyimbo. Baada ya shikamoo na habari za kila mgonjwa wa ukoo, nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo. Ubishi huo anaujua. Hata kwetu wapo wasemao kuchoma kile kibanda cha makuti siku ya Mwaka na kutazama moshi unakoelekea si katika dini, na wapo wanaojibu kwamba ni mila tu. "Wewe mwanangu wimbo imba," akasema. "Kumwagia mti, waachie wenyewe." Ndivyo nilivyofanya na ndivyo ninavyofanya hadi leo. Bakuli likinifikia nalipitisha. Wenzangu wakanipikia sufuria dogo pembeni, juisi ya matufaha yenye mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, vilevile vinavyotiwa kwenye lile bakuli kubwa, na mvuke ulipopanda nikasikia harufu ya jikoni kwa mama katikati ya Somerset. Mwaka uliofuata nusu ya kikundi walikuwa wanakunywa kwenye sufuria langu, maana kuna wanaoendesha gari.

Jambo jingine sitaliruka, ingawa ningependa. Usiku wa kwanza kabisa nilipokwenda kutazama waseli ya kijiji kingine, walikuja wachezaji wa Morris, ngoma ya jadi ya Kiingereza, wale wenye njuga miguuni na fimbo, wakiwa wamejipaka masizi meusi uso mzima. Nilikuwa mtu mweusi peke yangu pale. Hakuna aliyeniambia neno baya; mmoja alinikaribisha chai akiwa na uso ule ule. Niliondoka mapema. Baadaye nilisoma maelezo mawili: kwamba vibarua walijipaka masizi ili wasitambulike wanapoombaomba majira ya baridi, na kwamba katika karne ya 19 uliingia mchezo wa jukwaani wa kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka, ukachanganyika humo humo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na mimi niliyesimama mbele ya mwenge siwezi kuutenganisha uso mmoja kwa chujio. Mwaka 2020 vyama vikuu vya Morris vilikubaliana kuachana na weusi wa uso mzima. Vikundi vingi ninavyokutana navyo sasa hujipaka kijani au buluu, wengine huvaa barakoa. Nimesikia watu wakilalamika kwamba mila imeharibiwa. Ngoma ni ileile, fimbo ni zilezile, na mimi sasa nabaki hadi mwisho.

Turudi kwenye tope.

Mtoto ameuliza kama tumemaliza. Mwalimu anageuza karatasi yake upande wa pili kana kwamba maneno yamehamia huko. Mwenye kodiani anapiga mahadhi ya ubeti wa pili akitumaini mtu ataokota kitu. Yeye mwenyewe anatetemeka. (Siku ya kwanza nilipoiona ile kodiani nilitaka kulia. Wao wanaiona ni chombo cha mabaharia na wazee. Mimi naisikia taarab.) Nikajikuta natoka mbele, na sisemi nilipanga. Nilichokuwa nacho kichwani ni yale maneno ya mwisho tu, yanayojulikana karibu kote kwenye nchi ya saida: kofia zijae, vikapu vijae, magunia yajae, na fungu dogo libaki chini ya ngazi. Nikayakata kama mzee alivyokata. Nikatoa neno moja, "kofia", kwa Kiingereza chao, nikanyamaza, nikawaonyesha kwa mkono kwamba ni zamu yao.

Hakuna aliyejibu. Nitaikumbuka sekunde ile. Nikapiga kiganja changu kwenye sufuria nililoshika, nikarudia. Yule mtoto aliyeuliza kama tumemaliza akajibu peke yake, kwa kelele: zijae! Watu wakacheka, na mtu akicheka mdomo umeshafunguka. Mara ya tatu walijibu kama kumi. Nikaenda kwenye vikapu. Nikaenda kwenye magunia. Yalipokwisha nikaongeza vitu vyangu mwenyewe, ndoo, mitungi, mifuko ya makoti, viatu vya mwalimu, na kila kitu wakajibu kijae. Mwendo ukawa wa mzee bila kumtaja, kwa sababu watu walikuwa wanakanyaga tope kujipasha joto na wimbo ukafuata miguu. Mvua haikupungua hata tone. Bunduki zilipolia, risasi baridi, watu walishakuwa wanapiga kelele wenyewe.

Mwalimu alinifuata baadaye, penseli bado sikioni, akaniuliza ubeti ule wa viatu nimeutoa wapi. Nikamwambia nimeutoa miguuni mwake. Akauandika.

Mwaka uliofuata hatukutoa kopi. Kulikuwa na waliochukia, na hoja yao ilikuwa na maana: wapo wasiosikia vizuri, wapo wageni, na kuna beti nzuri ambazo hazitasikika tena zisiposomwa. Kwa hiyo mwalimu huimba wimbo mzima wa kwenye kumbukumbu ndani ya ukumbi, mapema, kwenye joto, na nje tunakwenda mikono mitupu. Mzee wetu alifariki kabla ya Januari ile. Ule mwendo wake umeshawekwa kwenye simu ya mtu, lakini sijawahi kusikia tumeurudia kuusikiliza. Hauhitajiki, upo kwenye midomo ya watoto wa skuli, na wameshauharibu kwa namna yao.

Nimekwenda mara moja Chepstow, ng'ambo ya mto Severn, Wales, kumtazama Mari Lwyd: fuvu la farasi limefungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, limevishwa shuka jeupe na riboni, mtu yuko chini yake anatafunisha taya. Linafika mlangoni na wenzake, linaimba kutaka kuingia, na wa ndani wanatakiwa kulijibu kwa beti kulizuia, ubeti kwa ubeti, hadi upande mmoja uishiwe. Ni malumbano, basi, ya kwenye baridi. Kiwelshi sijui hata neno. Nilisimama saa nzima.

Januari iliyopita nilimpigia shangazi tukiwa shambani. Kwetu saa moja usiku, kwao saa nne, alikuwa bado macho. Nikaishika simu juu wakati tunaimba, na nikasahau kumwambia habari ya bunduki. Zilipolia nilisikia kitu kinaanguka upande wa pili.

"Nini hicho? Mko vitani?"

"Wanafukuza mashetani, shangazi."

Akakaa kimya kidogo. "Yamekwenda wapi?"

"Sijui. Kijiji cha pili, labda."

"Haya. Funga dirisha ukilala." Kisha akasema wimbo ameusikia, si mbaya, sauti yangu imekauka kidogo na hiyo ni baridi, lakini hao wanaopokea wanachelewa. "Wanakusubiri umalize. Waambie wasikusubiri. Wakuingilie."